Hodi Tatu na Hedifoni za Mama Clemence

"Mama Clemence, hebu niambie leo leo: mimi na wewe tumegombana lini?"

Bi Naima aliuliza hivyo akiwa amesimama uani, mfuko wake wa safari ungali begani, na alipovutiwa kigoda hakukaa. Scholastica, ambaye wengi humwita Mama Clemence kwa jina la mwanawe, alibaki ameshika ungo wa kunde. Wanawake hawa wawili, wote wajane, wamepakana nyua miaka ishirini na miwili. Idi ikifika, sahani ya pilau hutoka kwa Naima kwenda kwa Scholastica. Krismasi sahani ileile hurudi na vitumbua, na haijawahi kurudi tupu hata mwaka mmoja. Chumvi wameazimana, kaa la moto wameazimana, misibani wameshikana mikono. Leo Naima anauliza habari ya ugomvi, na uso wake si wa mtu anayetania.

Na ugomvi huo, kama ulikuwapo, uliletwa na hedifoni.

Scholastica ndiye mwalimu wa kwaya ya kigango. Ualimu wenyewe hakuusomea. Aliishia darasa la saba, noti za muziki kwake ni kama nyayo za kuku juu ya vumbi. Mungu alimpa sikio tu. Wimbo akiusikia mara tatu ameishika sauti ya kwanza, mara tano ameishika ya pili, na akishashika, huwagawia wenzake kidogo kidogo kama mtu anayegawa mbegu. Kwa namna hiyo amefundisha Misa na Misa, ndoa na mazishi, mwaka wa thelathini sasa.

Mwaka huu kanisa la kigango lilipata bati jipya, na Padre akasema atakuja kutoka Kipatimu kulibariki baada ya majuma matano. Wimbo wa siku hiyo ulitungwa na Nikodemo, kijana wa milima hiihii ya Umatumbi aliyehamia Lindi mjini, akautuma kwa simu. Sauti za kike Scholastica alizimaliza jioni moja. Sauti za kiume ndizo zilizomtoa jasho. Simu ikiwekwa mezani, sauti ya nne, ile nzito ya chini kabisa, ilikuwa haisikiki. Ilivuma tu kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa.

Alimpigia Nikodemo.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sauti ya nne umeila?"

Nikodemo alicheka. "Ipo, mama. Hizo sauti za kiume nimezitenganisha. Ya tatu utaisikia sikio hili, ya nne sikio lile. Lakini upate hedifoni zile kubwa zinazofunika sikio lote. Hivyo vidude vya kuchomeka ndani vitakudanganya."

Basi, hapo ndipo kero ilipobisha hodi, na hiyo ikakaribishwa ndani.

Hedifoni za kwanza zilikuwa za waya. Aliziazima kwa Optatus, mwimbaji wa sauti ya tatu, naye aliachiwa na shemeji yake. Uzuri wa waya ni mmoja: hauombi chaji. Ukichomeka, unasikia. Au ndivyo alivyoahidiwa. Waya wenyewe ulikuwa mfupi kama kamba ya mbuzi mkorofi, ukiinuka kuchungulia chungu simu inakufuata inaanguka. Tundu la simu lilikuwa limejaa unga wa muhogo, ikabidi alitoboetoboe kwa njiti ya kiberiti. Likaitika, lakini sikio moja. La pili kimya. Ukiupinda waya hapa linasema, ukipumua linanyamaza. Scholastica akawa anasikiliza wimbo wa Bwana huku ameshika shingo ya waya kwa vidole viwili kama anayemfinya nyoka.

"Zinataka kubembelezwa," Optatus alimwambia.

"Optatus, mimi nimelea watoto watano, wote nimewabembeleza. Hizi sizibembelezi."

Tena ile ngozi ya masikioni ilikuwa imechoka, inabanduka vipande vyeusi vidogo vidogo. Jumapili alivaa kitambaa chake cheupe cha kichwani, na Flora wa sauti ya pili akamnong'oneza katikati ya Nasadiki, "Mama, una chawa?" Scholastica alisali Salamu Maria tatu papo hapo, si kwa ibada, ila asije akajibu neno ndani ya kanisa.

Mwanawe Clemence, mpishi katika kambi ya wafanyakazi kule kisiwani Songo Songo, aliposikia habari hizo aliona aibu. Alipovuka kuja bara alipita Nangurukuru, kwa muuza simu mmoja aitwaye Bashiru, akanunua hedifoni zisizo na waya, za bei ya mtu wa kawaida, akazituma kwa gari la Kipatimu ndani ya boksi lake.

Zilikuwa nene, laini, zinakunjika kama miguu ya panzi. Scholastica alizivaa kwa heshima. Akabonyeza kitufe. Mwanamke mmoja akamsemesha Kiingereza sikioni.

"Bee?" Scholastica akaitika, akageuka kumtafuta.

Mwanamke huyo alikuja kumjua sana. Alikuwa na maneno matatu tu: la kuwaka, la kuungana na simu, na la kuishiwa chaji. Hili la mwisho alilipenda kuliko yote. Alilisema wimbo ukiwa mtamu, alilisema kila baada ya dakika, tena kwa sauti ya mtu anayekusuta. Kuchaji ilikuwa kwenda kwa Maftaha, mwenye kibanda cha umeme wa jua kando ya barabara. Siku yenye mawingu Maftaha hujibu, "Mama, leo hata simu yangu imelala."

Lakini usikivu! Hapo lazima haki itendeke. Zile za waya zilikuwa nyembamba, kama mtu anaimba ndani ya debe. Hizi zilileta sauti ya nne mpaka kifuani. Tena zilifunika masikio hasa, mbuzi halii, jogoo hawiki, dunia yote inazima kama koroboi. Scholastica aliona ni baraka. Hakujua bado.

Kabla hajazizoea, Sipriani fundi baiskeli aliziazima siku moja, "nizijaribu tu, mama, nusu saa." Akaziunganisha na simu yake. Tangu siku hiyo hedifoni zilimpenda Sipriani. Akipita barabarani na baiskeli, zinamwacha Scholastica na kumkimbilia yeye. Alhamisi mazoezini, Scholastica ameinua mkono kuongoza, sikioni anangoja sauti ya tatu ianze, ghafla mtangazaji wa mpira akapiga ukelele wa goli. Scholastica aliruka. Kwaya nzima ikaruka naye, ikidhani ndivyo wimbo unavyotaka.

"Sipriani!" aliita kwa dirishani. "Zima hilo bluutuu lako!"

"Mbona mimi niko mbali, mama?"

"Uko mbali lakini umo kichwani mwangu!"

Hayo nayo akayavumilia. Kubwa lilikuwa la herufi.

Ndani ya hedifoni kuna herufi mbili, upande huu L, upande huu R. Nikodemo alikuwa ameeleza kwa simu, "Sauti ya nne nimeiweka upande wa la." Basi Scholastica alisikiliza upande wa L juma zima. Aliona sauti iko juu mno kwa watu wazito, lakini akajisemea hawa vijana wa mjini wana mambo yao, na yeye ni nani hata amsahihishe mtunzi? Akawafundisha wanaume jinsi alivyosikia.

Gregori, kiongozi wa sauti ya nne, ni mzee wa miaka sitini na mitano ambaye akiimba chini, madirisha hutetemeka. Juma hilo mishipa ya shingo ilimsimama. Sauti ya tatu nao, kina Optatus, walipelekwa chini wasikokujua wakawa wananong'ona kama watu wanaoungama.

"Mama Mwalimu," Gregori alisema, akijifuta uso, "mimi sibishi. Lakini hii ni sauti ya nne, au ni ya kuitia mbuzi?"

Vicheko. Scholastica hakucheka. Siku zilikuwa zimebaki kumi. Tena vijana wawili watatu walikwisha kuanza kusema pembeni kwamba mambo ya kufundisha kwa sikio yamepitwa, aletwe mtu wa kinanda. Alitoka nje akapiga simu.

"Nikodemo, hebu nieleze tena. Sauti ya nne iko upande gani?"

"Upande wa la, mama."

"La ipi? La ya Lindi au ra ya Rufiji?"

"La ya Lufiji, mama!"

Scholastica aliiondoa simu sikioni akaitazama. Kimatumbi hakina ra. Ulimi uliokulia milimani hukimbilia la, na hata ukihamia mjini ukanywa maji ya bomba, ra huujia kwa kubahatisha. Yeye mwenyewe anajua hivyo, maana mama yake mzazi alikufa akisali losali. Juma zima limepotea kwa sababu ya herufi moja. Angemlaumu nani? Alimuaga Nikodemo kwa upole, akakata simu, na ndipo akasema, "Jamani, jamani, jamani," mara tatu, kila mara chini zaidi, mpaka mwenyewe akafika sauti ya nne.

Sasa ilimpasa ajifunze upya sauti zote mbili za kiume kabla ya mazoezi ya Jumamosi. Alikuwa na siku mbili. Na mwanamke wa ndani ya hedifoni akachagua siku hiyo kuishiwa chaji, na mbingu ikachagua siku hiyo kujaa mawingu. Akampigia Bashiru kule Nangurukuru, safari hii sauti yake haikuwa ya upole sana.

"Baba, umeniuzia kitu kinachokufa kila siku."

"Mama yangu, pale chini yake hukuona katundu? Hizo zinakwenda kotekote. Chaji ikiisha unachomeka waya, zinaimba bila chaji. Waya uko ndani ya boksi, chini ya karatasi."

Boksi lenyewe Scholastica alikuwa ameligeuza kasha la sindano na nyuzi. Alilimwaga mkekani, akainua karatasi, na waya huo hapo, umeviringwa, mpya, unamtazama. Siku kumi na moja alikuwa akipanda na kushuka kwenda kwa Maftaha, na waya umelala chini ya sindano zake.

Alichomeka. Masikio yote mawili yakaitika, la kushoto na la kulia, hakuna haja ya kumfinya nyoka, na mwanamke wa Kiingereza hayumo. Tena Sipriani apite na baiskeli yake mara mia, hedifoni hazimtambui. Basi siku mbili hizo Scholastica hakuzivua. Alichambua kunde amezivaa, alipepeta amezivaa. Alikaa chumba cha mbele, mgongo ameupa mlango kwa sababu ya mwanga wa dirisha, akitikisa kichwa na kuhesabu kwa kidole.

Siku ya pili asubuhi alihisi unyevu kwenye nyayo. Akatazama chini, maji yanaingia kwa mlangoni. Akazivua hedifoni, na kelele ya mvua juu ya bati ikamwangukia kama gunia la kokoto. Mvua ilikuwa imenyesha muda gani? Nguo zake zote ziko kambani. Akakimbia nje, na ndipo akaona uani kwa jirani makopa ya Naima, ule muhogo mkavu wa kula miezi yote ya njaa, yametandazwa mkekani na maji yanapita juu yake.

"Naima! We Naima! Makopa!"

Kimya. Mlango una kufuli. Scholastica alikusanya makopa peke yake, beseni kwa beseni, kitenge kimemganda mwilini, akayatandaza ndani kwake juu ya kitanda cha Clemence. Yalikuwa yamelowa hadi kiini. Huku akitandaza, moyo ukamuuma kwa jambo jingine: Naima amesafiri bila kuniaga. Miaka ishirini na miwili hajawahi kulala nje bila kusema, "Jirani, angalia nyumba." Nimemkosea nini? Alikasirika, na kwa kuwa hakuzoea kukasirika, hasira ikamkalia vibaya, kama kiatu cha mtu mwingine. Siku nne alimsengenya rafiki yake moyoni, na kila jioni akaomba msamaha wa kumsengenya. Asubuhi anaanza tena.

Hata Jumamosi, wanaume walipoimba sawasawa kwa mara ya kwanza, Gregori akanguruma chini kabisa na Optatus akapaa mahali pake, furaha yake ilikuwa nusu. Mtu ambaye angemsimulia habari za la na ra, wakacheka mpaka wakashikana mbavu, hayupo.

Ndipo siku ya nne Naima alipofika na mfuko begani na swali lake.

"Tumegombana lini?" Scholastica alirudia. "Naima, hilo mimi ndiye wa kukuuliza. Umeondoka bila kuniaga kama mgeni wa nyumba ya kulala. Makopa yako yamenyeshewa, nimeyaokota peke yangu, mengine yameota ukungu. Angalia, hayo kitandani."

"Bila kukuaga?" Naima aliweka mfuko chini. "Mimi? Astaghfirullah. Nimeletewa habari jioni kwamba mama hali chakula huko Kiranjeranje. Nikaja hapa. Nimesimama mlangoni pako pale. Hodi. Hodi. Hodi. Umenipa mgongo, unatikisa kichwa, unakataa. Nikasema labda ana lake. Alfajiri gari linapiga honi, nimerudi tena. Hodi tatu. Mgongo uleule, kichwa kilekile, na kidole unanipungia niondoke. Mtu anapigiwa hodi tatu haitikii, mwenye adabu anarudi alikotoka. Ndivyo tulivyofundishwa. Lakini sikuzoea kurudi kwako, Mama Clemence. Njia nzima nililia, sijui nalilia mama au nakulilia wewe."

"Na mama hajambo?"

"Hajambo. Anakula. Usinipotoshe."

Scholastica aliweka ungo chini. Alitaka kueleza habari za sauti ya nne, na herufi, na Bashiru, na waya chini ya sindano, akaona yote ni marefu na hakuna hata moja mtu mwenye uchungu angeliamini. Akaingia ndani, akatoka na hedifoni. Alimvika Naima juu ya ushungi wake, akaufungua wimbo, akampa simu aishike, akamgeuza uso kuelekea ukuta. Kisha akaenda mpaka mwisho wa ua, akasimama kama mgeni.

"Hodi!" Naima hakugeuka.

"Hodi hapa!" Naima akaanza kutikisa kichwa.

"Hodiii!" Safari hii alipaza sauti ya kanisani, ile ya Jumapili ya Pasaka.

"Karibu!" akaitikia Maftaha kutoka kibandani kwake, ng'ambo ya barabara.

Naima yeye alikuwa ameinua kidole kimoja, anahesabu. Scholastica alimwendea akamshika bega, naye akaruka kama aliyemwagiwa maji.

"Huyu mwanaume anayenguruma huku sikio la kulia ni nani?" Naima aliuliza kwa sauti kubwa, kama viziwi wanavyouliza. "Ana pumzi huyu!"

"Vua kwanza. Nimekupigia hodi tatu."

"Lini?"

"Sasa hivi. Mpaka Maftaha amenikaribisha."

Naima alizivua polepole. Akazitazama, akayatazama makopa kupitia mlangoni, kisha akamtazama jirani yake. Akakaa kwenye kigoda. Cheko lilianza tumboni, likampanda, akajifunika uso kwa ncha ya ushungi, na Scholastica hakujua kama anacheka au analia, akakaa chini mkekani karibu na magoti yake.

"Kitu cha kuziba masikio unakilipia," Naima alisema alipopata pumzi. "Marehemu mume wangu aliziba bure."

"Mnyamazie marehemu."

"Namuombea. Lakini niambie, Mama Clemence, hiyo sherehe yenu bado juma moja, utazidi kuvaa hiki kitu. Nikija na shida mimi nifanyeje? Nipige hodi ngapi? Nyumba ya mtu siingii bila kuitikiwa, hata yako. Mama yangu hakunilea hivyo, na bado yuko hai, atasikia."

Scholastica aliikunja miguu ya hedifoni, mmoja, kisha wa pili, akaviringisha waya juu yake. Ombi alilotaka kuomba hakuwahi kumwomba mtu asiye wa tumbo lake.

"Naima, nakuomba," alisema. "Ukinikuta nimezivaa, usipige hodi. Ingia tu, unishike bega."